Kuanza kazi ya "pigiste" mashariki mwa Kongo: jina kwanza, franga nyuma

Katika miji ya Goma, Bukavu, Bunia, Butembo, Uvira ao Kalemie, si vigumu kukutana na kijana mwenye anasema anataka kuwa mwandishi. Pengine amemaliza masomo ya mawasiliano ao ya sheria, pengine hakumaliza hata moja, lakini anaandika. Anaandika maneno marefu kwenye Facebook, anatuma habari za mtaa kwenye makundi ya WhatsApp, na mara kwa mara majirani wanamuomba awatengenezee barua ya malalamiko juu ya maji ao umeme. Watu wanamsoma na wanamsifu. Mwisho wa mwezi hakuna kitu chenye kimeingia mfukoni, na nyumbani wazazi wanauliza: "Ile nayo ni kazi gani?"

Ile kazi ina jina. Kwa Kifaransa cha vyombo vya habari vya Kongo, mwandishi mwenye hana mshahara wa mwezi na analipwa kwa kila kazi anayotoa anaitwa "pigiste". Kwa Kiswahili tunasema mwandishi wa kujitegemea. Leo anaweza kuuza makala kwa gazeti la mtandaoni la Kinshasa, kesho sauti ya dakika tatu kwa redio ya kimataifa, kesho kutwa picha na maelezo yake kwa jarida la mazingira. Hana shefu mmoja, ana wateja. Wengi wanaoanza hawaoni tofauti hiyo. Mtu wa mshahara anaulizwa kama amefika kazini. Wa kujitegemea anaulizwa ana nini mkononi.

Kwa hiyo kuanza na barua ya kuomba kazi, picha mbili za pasipoti na kopi ya diplome ni kuanza na mlango wa nyuma. Mhariri mwenye hajawahi kumwona huyo kijana hana wakati wa kusoma diplome. Anauliza neno moja tu: nionyeshe kile umeandika. Hapo ndipo wengi wanakwama, juu maandishi yao yote yamepotea ndani ya simu.

Pahali ambapo maandishi yanaonekana

WhatsApp inafikisha habari mbio kuliko njia nyingine yoyote katika majimbo yetu, lakini inamla mwandishi. Andiko likitoka kundi moja kwenda lingine, jina la aliyeandika linabaki nyuma. Mtu wa tatu anakata mwanzo, wa nne anaongeza picha ya mwaka mwingine, na wa tano anaweka jina lake mwenyewe. Facebook ni afadhali kidogo, lakini nyuma ya wiki mbili hata mwenye kuandika anahangaika kupata kile aliandika.

Mwandishi anahitaji pahali pamoja penye jina lake, penye anwani ambayo mhariri wa Kinshasa, Nairobi ao Paris anaweza kufungua na kusoma bila kuomba ruhusa. Kuna huduma za bure za kujenga ukurasa kama huo, kwa mfano WordPress.com na Blogger, na zinafanya kazi hata kwa simu. Haiombi kulipa mtaalamu. Jina la mwandishi, mji wake, mistari mitatu ya kusema anaandika juu ya nini, anwani ya barua pepe, kisha maandishi yenyewe. Rangi na mapambo hayana haraka. Jambo moja la maana kuliko rangi ni kuhifadhi kopi ya kila andiko pengine, kwenye barua pepe yake mwenyewe kwa mfano, juu simu inaibiwa, inaanguka ndani ya maji, ao inachukuliwa kwenye barieri.

Mwenye hataki kuanza peke yake anaweza kutafuta mahali ambapo wengine wamekwisha kukusanyika. Habari RDC, mtandao wa vijana wa Kongo ulioanza mwaka 2016, umewapa vijana wa majimbo mengi pahali pa kuandika kwa jina lao na kusahihishwa na wenzao. RFI ilianzisha Mondoblog mwaka 2010 kwa ajili ya waandishi chipukizi wa nchi zinazosema Kifaransa, na Wakongo wamepitia huko. Global Press Journal inafundisha wanawake wa hapa hapa kuwa waandishi na kuwalipa, na kati ya nchi zake iko Kongo. Njia hizi tatu zina faida yenye ukurasa wa peke yako hauna: kuna mtu anakusoma mbele ya watu wengine, na anakuambia bila haya kwamba mwanzo wako ni mrefu sana.

Maandishi mangapi yanatosha mbele ya kugonga mlango wa mhariri? Sita ama nane mazuri yanatosha. Lakini yasiwe moja juu ya mpira, lingine juu ya mapenzi, la tatu juu ya uchaguzi. Mhariri anatafuta mtu wa kuita siku jambo fulani linatokea. Mwenye ameandika mara sita juu ya bei ya makala, misitu na wachomaji ataitwa siku ya habari ya makala. Mwenye ameandika juu ya kila kitu hataitwa na mtu.

Na mashariki haikosi mambo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, kila mtu mwenye simu alitoa picha za lava. Mwaka moja nyuma yake, waliobaki wakiandika juu ya familia zilizopoteza viwanja walikuwa wachache. Ni vilevile kwa Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, ambako mafuriko ya tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023 yaliua mamia ya watu. Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Mwenga, ulitajwa dunia nzima kwa sababu ya aina mpya ya mpox, na tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari. Waandishi wa mbali walihitaji siku nyingi kuelewa namna machimbo yanafanya kazi na watu wanaishi namna gani kule. Mtoto wa Kamituga anajua hayo tangu zamani. Ile ndiyo mali yake, na mara nyingi hajui kwamba ni mali.

Mfano wa sambaza

Tuchukue jambo dogo. Bei ya sambaza imepanda kwenye soko la Kituku, Goma. Mwenye anaandika kwa WhatsApp ataandika: "Raia wanalia, sambaza imekuwa ghali, serikali iko wapi?" Mistari minne, alama za mshangao tano, kisha picha ya samaki iliyochukuliwa pengine.

Mwandishi mwenye anataka kulipwa anafika Kituku asubuhi mapema, wakati mitumbwi inarudi. Anaangalia kipimo chenye wamama wanatumia, juu bei bila kipimo haisemi kitu: je, bei imepanda, ao bei imebaki na bakuli limekuwa dogo? Anauliza muuzaji moja, wa pili, wa tatu, na anaandika bei ya leo na ya mwezi uliopita. Anauliza wavuvi kama ziwa limetoa kidogo. Wavuvi wa sambaza wanafanya kazi usiku kwa taa zenye kuvuta samaki, kwa hiyo wakati mwezi unawaka sana mavuno yanashuka. Kama hakuangalia kalenda ya mwezi, anaweza kuandika "shida kubwa ya samaki" wakati ni usiku chache tu za mwezi mpevu. Anauliza mafuta ya taa yanagharimu ngapi, kodi gani zinalipwa kwenye bandari, na nani anazikusanya, na kwa karatasi gani. Anatafuta mtu wa idara ya uvuvi. Asipojibu, anaandika kwamba alimuuliza siku fulani na hakujibu.

Kisha anaongeza kile ambacho msomaji wengi hajui: kwamba samaki huyu hakuwa ndani ya Ziwa Kivu zamani, aliletwa toka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna nyumba ya Goma ao Bukavu yenye haijui harufu yake. Mistari miwili ya namna hiyo inatosha. Ikiwa mingi inageuka somo la shule.

Maneno yale mia sita ao mia saba yanasema jambo lile lile la "sambaza imekuwa ghali", lakini sasa mtu wa Kinshasa anaelewa, mama wa Kituku anajiona ndani, na mwenye kukusanya kodi anajua kwamba kuna mtu anauliza. Kwa bahasha ya usafiri na siku mbili za kazi, kijana amepata andiko lenye anaweza kuonyesha mahali popote. Tena anarudi nalo: nyuma ya miezi mitatu anaweza kuuliza tena bei zile zile, na hapo ana kitu chenye hata ofisi nyingi hazina.

Kumwandikia mhariri

Kosa kubwa ni kumtumia mhariri makala nzima bila kumuuliza, ao kumwandikia "Habari boss, niko mwandishi, niko tayari kwa kazi yoyote". Kile kinatumwa ni pendekezo, na pendekezo haipiti mistari kumi. Linasema ni nini kimebadilika, kwa nini ni sasa, nani atasema, andiko litakuwa na urefu gani, litakuwa tayari lini, na mahali pa kusoma kazi nyingine za mwandishi. Kwa mfano wa kufikiri tu, inaweza kuwa hivi:

"Kwenye soko la Kituku, wauzaji wa sambaza wanasema wanalipa kodi tatu kila asubuhi, na mbili kati yake hazina karatasi. Nimezungumza na wauzaji watano na wavuvi wawili, na nina picha za karatasi moja. Nimeomba jibu la wakuu wa bandari. Ninapendekeza makala ya maneno 700 na picha nne siku ya posho. Naishi Goma na nimeandika mara sita juu ya biashara ya ziwa. Anwani ya kazi zangu iko hapa chini."

Pendekezo moja linapelekwa kwa mhariri mmoja. Asipojibu kwa wiki moja, anaulizwa mara moja tena kwa heshima, kisha linapelekwa kwa mwingine. Kulituma kwa watu kumi siku moja kunaonekana kama werevu mpaka siku wawili wanakubali pamoja. Hapo mmoja atabaki na hasira, na dunia ya wahariri ni ndogo kama mtaa.

Jibu la "hapana" ni la kawaida na halina maana kwamba andiko ni baya. Pengine wana habari kama hiyo tayari, pengine bajeti imekwisha. Mwenye anaanza asihesabu barua zenye zimekataliwa; ahesabu zenye zimetumwa.

Nani analipa?

Swali hili ndilo linaamua kama mtu atabaki mwandishi. Kila mtu wa habari nchini Kongo anajua neno "coupage". Ni ile bahasha yenye inatolewa nyuma ya mkutano na waandishi, semina ao sherehe ya kufungua darasa. Mwenye kualika anaiita "transport", na wakati mwingine inakuwa kubwa kuliko njia yoyote ya moto mjini. Si vizuri kumcheka mwenye anaipokea. Redio nyingi za jamii zinaishi kwa watu wa kujitolea, na kuna waandishi wenye familia ambao bila bahasha hiyo hawali.

Lakini kwa wa kujitegemea, coupage inaua soko lake yeye mwenyewe. Kwanza, kama mwenye kusimuliwa amekwisha kulipa, gazeti halina sababu ya kulipa. Pili, andiko linaegama upande wa bahasha hata kama mwandishi hakutaka. Ni nani ataandika kwamba darasa jipya lina nyufa nyuma ya kupokea franga za aliyelijenga? Tatu, vyombo vya nje vinavyolipa vizuri vinakatisha kazi siku vinapogundua. Mwandishi anaweza kukataa bila kumvunjia mtu heshima: "Papa, gharama zangu zinalipwa na gazeti, asante." Na kama hakuna gazeti la kulipa bado, afadhali achague jambo la karibu, lenye anaweza kufika kwa miguu.

Kuandika kwa shirika ni kazi nyingine, na si aibu. Mashirika yanahitaji watu wa kuandika ripoti, hadithi za wakulima waliosaidiwa, maneno ya mabango. Inalipa, na mara nyingi inalipa kuliko magazeti. Sharti ni kwamba ijulikane wazi ni kazi ya shirika, na kwamba mwandishi yule yule asiuze tena kwa gazeti habari juu ya shirika hilo. Mwenye anachanganya hizo mbili anapoteza zote.

Kisha kuna kazi ya "fixeur". Mwandishi wa nje anafika, anahitaji mtu wa kumpeleka, kumtafsiria, kumjulisha kwa chefu wa kijiji na kumwambia barabara gani haipitiki. Inalipwa kwa siku, na kwa vijana wengi ndiyo malipo makubwa ya kwanza katika maisha yao. Yule kijana anatoa wazo, anatoa watu, anatoa lugha, na mara nyingi habari inatoka na jina moja tu, la mgeni. Jina likikosekana, hakuna cha kuonyesha mhariri mwingine. Na mgeni akirudi kwao, anayebaki kuulizwa na wenye silaha "uliwaleta nani hapa?" ni kijana huyo huyo. Kwa hiyo mambo yanne yanasemwa mbele ya kupanda gari, na yanaandikwa hata kwa ujumbe wa simu: malipo ya siku ni ngapi, jina litaandikwa wapi na namna gani, nani analipa kama kuna ajali, na watamsaidia vipi kama habari inamletea shida nyuma ya wao kuondoka. Kuna wakati mwenye kuleta habari anaomba mwenyewe jina lake lisitokee, kwa usalama. Hiyo ni haki yake, mradi uamuzi uwe wake.

Hesabu ya kweli

Malipo ya kawaida ni kwa makala nzima, kwa neno, ao kwa dakika ya sauti. Karibu yote yanakuja nyuma ya kuchapishwa, na kungojea wiki nyingi si ajabu. Kwa hiyo mwandishi anatumia franga zake kwanza.

Tuseme, kwa mfano tu, gazeti linatoa dola 60 kwa makala. Moto ya kwenda na kurudi imekula 15, mega 5, chakula na maji njiani 5, mtu wa kutafsiri 10. Zimebaki 25. Kama kazi ilichukua siku nne, ni dola sita na kitu kwa siku. Mbele ya kukubali, kijana aulize kama gharama za njia zinalipwa mbali na makala. Wahariri wengi wanakubali kulipa njia kama wameambiwa mwanzoni; karibu hakuna anayekubali akiambiwa mwisho. Na safari moja inaweza kutoa kazi mbili kama kila mteja anajua: makala kwa gazeti la Kifaransa, sauti ya Kiswahili kwa redio.

Kwa sababu hiyo, hakuna mtu wa kumshauri kijana aache kazi yenye inamlisha ili aandike. Walimu, wauzaji wa unite, wenye studio ndogo ya picha, wengi wanaanza hivyo, andiko moja ao mawili kwa mwezi. Kazi ya kuandika inaongezeka polepole ao haiongezeki, na kwa mwaka wa kwanza hakuna anayejua.

Sheria na karatasi

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 inatoa uhuru wa kusema mawazo katika kifungu cha 23, na haki ya habari katika kifungu cha 24. Sheria ya vyombo vya habari ya sasa ni amri-sheria namba 23/009 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996. Kichwa chake kinataja redio, televisheni, magazeti "ao njia nyingine yoyote ya mawasiliano", kwa hiyo mwenye kuandika kwenye intaneti asifikiri yuko inje ya sheria.

Siku hiyo hiyo ilitoka Kanuni ya dijitali, amri-sheria namba 23/010. Kifungu cha 360 kinasema mwenye kuanzisha ao kueneza habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya mitandao anaweza kufungwa mwezi mmoja hadi sita, na kulipa faini ya franka za Kongo laki tano hadi milioni moja. Kueneza ni pamoja na kusukuma ujumbe wa mwingine. Mambo haya si ya karatasi tu. Stanis Bujakera, wa Actualite.cd, mwenye pia alikuwa anafanya kazi na Jeune Afrique na Reuters, alikamatwa Kinshasa tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka 2023, na kati ya mashtaka kulikuwa kueneza habari za uongo, juu ya makala yenye haikubeba sahihi yake. Alitoka gerezani mwezi wa 3 mwaka 2024. Yeye alikuwa na majina makubwa nyuma yake. Kijana wa Mambasa ao wa Fizi ana nini nyuma yake? Daftari lake tu: nani alisema, siku gani, wapi, na ni nani mwingine alithibitisha.

Kadi ya mwandishi inatolewa na UNPC, muungano wa waandishi wa habari wa Kongo. Mwenye anaanza mara nyingi hana. Kile kinamsaidia barabarani ni "ordre de mission" yenye muhuri wa chombo kilichoomba kazi, hata ikitumwa kwa barua pepe na kuchapwa kwa sekretaria ya mtaa. Mhariri mwenye anakataa kuitoa anamwambia mwandishi jambo la maana: siku ya shida hatamjua.

Haki ya andiko nayo ina sheria, amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986 juu ya haki za watunzi. Andiko ni la aliyeliandika mpaka alipouza, na linauzwa kwa masharti yenye wamekubaliana. Gazeti likikopi andiko kutoka ukurasa wa mtu bila kumuuliza, anaweza kudai jina lake na malipo; kopi yenye tarehe ndiyo ushuhuda wake.

Usalama

Serge Maheshe aliuawa kwa risasi Bukavu tarehe 13 mwezi wa 6 mwaka 2007. Didace Namujimbo aliuawa katika mji ule ule tarehe 21 mwezi wa 11 mwaka 2008. Wote wawili walikuwa wa Redio Okapi, redio yenye kusaidiwa na Umoja wa Mataifa. Kama hao hawakukingwa, mwenye hana hata ofisi ajue amesimama wapi.

Tangu Goma ilipochukuliwa na AFC/M23 mwezi wa 1 mwaka 2025, na Bukavu mwezi wa 2, mstari wa vita unapita kati ya msomaji na msomaji. Neno lenye linakubalika upande mmoja linaweza kumpeleka mtu kwenye shimo upande mwingine, na mwandishi wa kujitegemea anapita pande zote mbili. Kuna habari zenye hazifai kutiwa jina. Kuna zenye hazifai kuandikwa leo. Kuchelewesha si uoga.

Simu ndiyo hatari ya kwanza. Majina ya watu waliozungumza yasibaki ndani yake kwenye barieri. Daftari lenye alama za siri ni bora. Ujumbe unafutwa, picha zinatumwa kisha zinaondolewa. Majina ya wanawake waliobakwa, ya watoto, na ya walioona mauaji hayaandikwi, wala jina la kijiji kama kina nyumba kumi tu na kila mtu atajua ni nani. Hata mtu akikubali jina lake litoke, aulizwe mara ya pili kesho yake. Mtu mmoja wa kuaminika nyumbani ajue mwandishi ameenda wapi na anarudi saa ngapi. Na namba ya Journaliste en danger, shirika la kutetea waandishi lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1998, ikaririwe kichwani, isikae ndani ya simu tu.

Lugha ya kuandika

Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kwa katiba, lakini magazeti mengi ya nchi yanaandika Kifaransa, na ndiyo yanalipa kwa maandishi. Kwa hiyo Kifaransa safi ni chombo cha kazi, kama jembe. Nafasi za Kiswahili ziko zaidi kwenye redio: RFI, BBC na DW zote zina idhaa za Kiswahili, na zinataka Kiswahili sanifu. Mtu wa Goma mwenye anatuma "bantu banakimbia" atarudishiwa kazi, na ana haki ya kukasirika kidogo, kisha aandike "watu wanakimbia". Lakini maneno ya mama wa soko yanayotajwa ndani ya habari yabaki yalivyo. Kumgeuza azungumze kama mtu wa Zanzibar ni kumwekea maneno kinywani.

Jambo la mwisho la kuuliza ni dogo na linasahaulika: franga zitapita wapi? Mabenki ya Goma yalifunga milango mwezi wa 1 mwaka 2025, na gazeti la mbali linaweza kusema "tupe namba ya akaunti" bila kujua hilo. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi kwa anayetuma toka ndani ya nchi. Kwa anayetuma toka nje, mara nyingi ni Western Union ao MoneyGram, na jina lazima lilingane herufi kwa herufi na lile la kadi ya uchaguzi. Mwandishi mwenye anatia sahihi makala kwa jina la kazi na anaitwa vingine kwenye kadi amwambie mhariri hayo mbele ya kutuma andiko la kwanza, pamoja na bei, tarehe ya malipo, na nani analipa gharama ya kutuma.